Siku ya Kaskazi Isiyo na Jambo

Mvua za vuli zikishakatika, na masika yakiwa bado, pwani yetu huingia katika siku ambazo ni vigumu kuzitofautisha. Kaskazi inavuma, maembe yamejaa sokoni, hari inaanza mapema, na ifikapo saa saba mchana hata kuku hawatoki kivulini. Hakuna arusi, hakuna msiba, hakuna mgeni. Mtu anaulizwa habari za kutwa, anajibu kwamba nzuri, hakuna jambo, na kweli hakuna jambo. Usiku ukiingia hajui mchana ulikwenda wapi.

Nimewasikia wengi wakizilalamikia siku hizi: waliostaafu, wajane, akina mama ambao watoto wao wamehamia Dar es Salaam au Muscat, vijana waliomaliza masomo na bado wanasubiri kazi. Wanasema maisha yanapita bila kuacha kitu. Jibu wanalopewa haraka ni kutafuta shughuli: jiunge na kikundi, anza mradi, safiri kidogo. Shughuli si mbaya. Lakini mtu huweza kuijaza siku kwa mambo kumi akaenda kulala na utupu ule ule alioamka nao. Ninavyoamini mimi, siku ya kawaida hupata uzito pale tendo dogo, ambalo ungelifanya tu, linapofanywa kwa ajili ya Mungu na kwa kumkumbuka mtu aliyekufundisha. Imani inaipa siku saa zake, na kumbukumbu inazipa saa hizo watu. Jambo hili halihitaji fedha, na hata mgonjwa aliye kitandani analiweza.

Anza tangu magharibi. Kwa hesabu ya Kiislamu, na kwa mazoea ya wazee wetu, siku mpya huingia jua linapozama. Usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata mchana wa Alhamisi. Hesabu hii ina faida kubwa kwa mtu anayetafuta maana ya siku yake. Siku yako haianzi na mlio wa simu wala msongamano wa daladala. Inaanza na sala, chakula na usingizi, na kazi inapokuja inaikuta imeshafika nusu. Mabaharia na wakulima wa pwani walikwenda mbali zaidi. Walihesabu siku za mwaka tangu Nairuzi, siku ya mwaka mpya, ile ambayo watu wa Makunduchi huiadhimisha hadi leo kwa Mwaka Kogwa kila Julai, wakazigawa katika miongo, kila mwongo siku kumi. Mkulima alijua yuko katika mwongo wa ngapi, na kwamba mwongo huo una upepo wake na mbegu zake. Hata siku isiyo na sherehe ilikuwa na mahali pake katika mwaka.

Basi ukishasali magharibi, kabla hujanyanyuka kwenye msala, mchague mtu mmoja. Asiwe zaidi ya mmoja. Awe hai au awe ametangulia mbele ya haki, ni sawa. Jiulize: kesho nitafanya nini ambacho yeye ndiye aliyenifundisha? Pengine ni kukuna nazi, kushona kofia, kupiga randa ubao, kumwagilia mchicha, au kuhesabu fedha za duka bila kumpunja mtu. Lifungie tendo hilo nia: kesho nitalifanya kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, na nikiwa ninalifanya nitamwombea yeye. Kisha nyanyuka ukale. Ni dakika mbili tu, na usizirefushe, kwa sababu zoezi likiwa refu halifiki wiki ya pili.

Mtu anaweza kuona kwamba nia ni kitu kidogo mno kubadilisha siku. Wanazuoni wa fiqhi wana mfano ambao, kwa msimu huu wa hari, unatugusa sote. Mmoja anajimwagia maji kwa sababu ya joto, mwenzake anaoga kwa nia ya kujitoharisha. Maji ni yale yale, kata ni ile ile, jasho linaondoka kwa wote wawili. Lakini mmoja amefanya ada na mwingine amefanya ibada, na kilichowatenganisha ni nia peke yake. Mtu aliyeielewa hukumu hii hawezi tena kusema kwamba leo hakufanya lolote la maana kwa kuwa alishinda jikoni.

Aliyelielewa hilo kwa undani ni Mwana Kupona binti Msham. Mwaka 1858, huko visiwa vya Lamu, akiwa mjane na akiwa ameugua mwaka mzima, alimwita binti yake aje na wino na karatasi, akamtungia utendi. Alianza na dini, kisha akaingia katika mambo ambayo mtu mwingine angeyaona madogo mno kuachiwa wosia: namna ya kusema na watu, namna ya kumtunza mume, usafi wa nyumba na wa mwili, manukato. Wasomaji wa leo, hasa wanawake, wana haki ya kujadiliana naye kuhusu utii aliomtaka binti awe nao, na mimi pia sikubaliani naye katika kila ubeti. Lakini tazama alichokifanya. Mama aliyejua kwamba siku zake zinahesabika alichukua siku ya kawaida ya nyumbani, akaiweka mbele ya Mungu, akamkabidhi mwanawe. Haukupita muda mrefu akafariki. Watu wamekuwa wakiuhifadhi na kuusoma utendi huo tangu wakati huo.

Hutakiwi utunge tenzi. Unatakiwa ujue kwamba ukimwonyesha mtoto namna ya kukunja mkeka bila kuvunja ukindu, unamkabidhi kitu.

Alfajiri sitaisemea sana, kwa sababu alfajiri hujisemea. Hewa ni nyepesi, matlai inavuma, na mtu mwenye imani ndogo kabisa huhisi kitu saa ile. Shida yetu iko kwenye adhuhuri. Hapo ndipo siku ya kaskazi humshinda mtu: nguo zimeganda mgongoni, umeme umekatika, watoto wanalia kwa hari, na mtu hana hamu ya sala wala ya kumbukumbu. Hapo ndipo ushauri wowote unapopimwa.

La kwanza, jihurumie, maana dini imekuhurumia. Katika hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba joto likizidi, sala ya adhuhuri icheleweshwe mpaka makali yapungue. Nayo qailula, ule usingizi mfupi wa mchana, imo katika mazoea ya watu wema waliotutangulia. Lala nusu saa bila kujilaumu. Mzee aliyejilaza barazani na upepeo wa ukindu kifuani, akiwa amenuia apate nguvu ya alasiri na ya kisimamo cha usiku, hajapoteza mchana wake.

La pili ni maji, na hapa nitakaa kidogo. Imepokewa na Abu Daud na Annasai kwamba Saad bin Ubada, sahaba wa Madina, alifiwa na mama yake, akamwuliza Mtume ni sadaka gani iliyo bora. Akajibiwa kwamba ni maji. Saad akachimba kisima, akakitoa sadaka kwa ajili ya mama yake. Watu wa Madina waliijua hari, na mtoto aliyefiwa aliambiwa aipitishe huzuni yake kwenye kiu ya watu wengine. Sijui ushauri mwingine unaomfaa mfiwa kuliko huo.

Kisima si cha kila mtu, lakini mtungi ni wa kila mtu. Bibi yangu, aliyenilea Ng'ambo, mjini Unguja, aliuweka mtungi wake penye kivuli na upepo, na kabla ya kuujaza aliufukiza ubani. Mtungi wa udongo usiopakwa rangi huvuja jasho. Maji yanayotoka nje yakikaushwa na upepo huondoka na joto, na yaliyobaki ndani yanapoa bila friji wala umeme. Yeye hakuwa na maneno mengi juu ya jambo hilo. Alikuwa akimwita mchukuzi anayepita, anamtekea kwa kata, na yule akimaliza kunywa humwombea dua marehemu mama yake bibi, ambaye hakumjua. Mimi nilikuwa mtoto, na nilidhani wanafahamiana. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipotambua kwamba bibi alikuwa akifanya kama Saad, mchana baada ya mchana, bila kulitaja hilo.

Kama utafanya hivi, fanya vizuri. Chemsha maji au yatie dawa ya kuyasafisha, kwani kipindupindu tunakijua na sadaka haimwepushi mtu na vijidudu. Ukitumia ndoo yenye bomba ni bora zaidi kuliko ndoo ya kuchotea, kwa kuwa mikono haiingii ndani. Funika, osha vikombe, badilisha maji kila siku. Weka mahali wanapopita watu wenye kiu kweli: muuza samaki wa baiskeli, watoto wa madrasa, fundi anayechanganya saruji juani. Huhitaji kibao chenye jina la marehemu. Jina liwe moyoni mwako unapoijaza ndoo, na lile tendo la kuijaza ndilo liwe sehemu yako ya ukumbusho. Ukiwa na mtoto au mjukuu, mpe yeye kazi ya kuvuta maji, umweleze ni kwa ajili ya nani na mtu huyo alikuwaje. Usimhutubie. Sentensi moja kila siku itamtosha, na baada ya kaskazi moja atakuwa anamjua babu wa babu yake.

Alasiri, jua linapoegemea, ni saa ya barza. Wenye wazee waliobaki hai nawasihi waitumie. Tunawapoteza watu wetu wakiwa na mambo ambayo hatukuwauliza, kisha tunakwenda hitima kuulizana wenyewe kwa wenyewe nani alikuwa mama yake mzaa chema. Usimwambie mzee akueleze maisha yake. Swali hilo ni zito, atakwambia hakuna la kueleza. Muulize mambo madogo yenye mahali na mwili. Maji mlikuwa mkiteka wapi? Nani alikuwa akiadhini mtaani kwenu, na sauti yake ilikuwaje? Usiku wa hari mlikuwa mkilala wapi? Nani alikusomesha Juzuu Amma, na alikuwa akikaa upande gani wa chumba? Samaki akiwa mmoja na watu wanane, mama alikuwa akimgawaje?

Swali la samaki hunipa majibu mazuri kila nikiuliza, kwa sababu ndani yake mna haki, mapenzi, uchumi na ujanja wa mama wa nyumbani. Uliza moja, kisha nyamaza. Akikosea mwaka usimsahihishe. Ukitaka kurekodi kwa simu, muombe ruhusa kwanza, na simu uiweke kando, usimwelekezee usoni. Akichoka, mshike mkono umshukuru, siku nyingine ipo. Na usiende mikono mitupu. Embe moja iliyoiva vizuri inatosha.

Ipo hatari moja. Kumbukumbu ikiachwa peke yake huwa tamu kupita ukweli. Tukianza kusema kwamba zamani kulikuwa na upendo, zamani watu walikuwa na dini, tunakuwa tumeidharau leo badala ya kuipa maana. Kaskazi za utoto wa bibi zetu zilikuwa na homa, na watoto waliozikwa hawajapewa hata nafasi ya kutembea. Wazee waaminifu husema hayo, na sisi tuyaandike kama walivyoyasema.

Wapo pia ambao kumbukumbu zao zinauma. Baba alikuwa mkali kupita kiasi, au aliondoka, au nyumba haikuwa na amani. Nikikwambia umkumbuke mzazi kila magharibi nitakuwa nimekuongezea mzigo. Kama hali yako ni hiyo, chagua mtu mwingine kabisa: mwalimu, jirani, shangazi aliyekupa chakula bila kuuliza. Kumwombea aliyekuumiza kutakuja kwa wakati wake, na kusipokuja bado Mungu anaujua moyo wako. Tazama Mkunazini, mjini Unguja: kanisa la Kianglikana lilianza kujengwa sikukuu ya Krismasi mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa. Waliojenga pale hawakulificha lililokuwapo, na anayefika leo anaonyeshwa na kuelezwa. Watu husali mahali penye kumbukumbu mbaya kuliko zote za mji ule, na hakuna anayeambiwa aipambe kwanza ndipo asali. Hivyo ndivyo ninavyoielewa imani iliyokomaa mbele ya jambo linalouma.

Jirani yangu Mkristo atakuwa ameona kwamba mengi ya haya anayo kwake. Wakatoliki husali Malaika wa Bwana asubuhi, adhuhuri na jioni, na tarehe 2 Novemba huwaombea marehemu wote. Saa zipo tayari. Kinachobaki ni kuziwekea mtu na tendo.

Na vipi kwa yule asiyewajua wazee wake, aliyelelewa mbali nao, au ambaye ukoo wake umekatika? Kwake nina jibu la Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja. Msikiti wa pale una maandishi ya kikufi kwenye kibla yenye mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Jengo limekwisha kujengwa upya, na majina ya karibu wote waliosujudu pale katika karne hizo zote yamepotea. Sala zao hazikukatika. Ukisimama alfajiri pale, au msikiti wowote wa mtaani kwako, au chumbani peke yako, umeingia katika safu ya watu hao, na unaweza kuwaombea bila kuwajua kama mchukuzi alivyomwombea mama yake bibi.

Usiku, baada ya isha, andika. Daftari la shule linatosha. Weka tarehe, ya Hijria na ya Miladia ukiweza, kisha mistari mitatu au minne: upepo ulikuwaje, kilipikwa nini, nani alipita, ulimkumbuka nani na kwa tendo gani, na dua moja. Usiandike mawaidha; mawaidha ya mwaka jana hayasomeki, lakini bei ya jodari, au maneno aliyosema mtoto alipoona popo kwenye mwembe, utayasoma kwa hamu miaka kumi ijayo. Siku ambayo hukufanya kitu, andika kwamba hukufanya kitu, na ulale. Ukiruka siku, au hata wiki, usirudi nyuma kujaza. Endelea na ya leo.

Wenzetu walioko mbali wanaposoma haya watasema kwamba kwao hakuna kaskazi wala barza. Najua. Muscat mwezi wa Julai joto hupita digrii 40, na watu wa ukoo mmoja huonana usiku tu, au kwenye vyumba vyenye kiyoyozi. London mwezi wa Juni jua linazama saa tatu usiku ikiwa imepita, isha inachelewa mno, alfajiri inawahi, na mtu aliyetoka zamu hospitalini hana nguvu ya kukumbuka chochote. Kwenu ninyi ushauri ni mfupi zaidi. Shikeni sala moja tu ya siku na muifanye ndiyo ya kumbukumbu, ile ambayo ratiba ya kazi haiigusi. Wekeni chupa za maji kwenye baridi kwa anayeleta vifurushi mlangoni. Hata yeye ana kiu, na nia ya Saad haikuwa na mipaka ya nchi.

Na msisubiri sikukuu ndipo mpige simu nyumbani. Majira ya joto ya Ulaya ni kipupwe kwetu, wazee wamejifunika shuka, wana hamu ya kuzungumza. London ikiwa saa kumi alasiri, Unguja ni saa kumi na mbili jioni, magharibi inakaribia na mzee bado yuko nje. Mpigie saa hiyo. Zikishamalizika habari za afya na za fedha ulizotuma, muulize samaki alikuwa akigawiwaje, umwache aseme mpaka adhana imkatishe. Ukishakata simu, yaandike maneno yake kwenye daftari kabla hujarudi kazini, kwa lafudhi ile ile aliyoyatamka.